Nukta Tisa za Pochi ya Simu

Mimi nina hasira za karibu. Mama anasema nilizaliwa nimeshakasirika, na baba, ambaye ukoo wake ulitoka pwani zamani ukafungua duka hapa Miembeni, Bukoba mjini, anasema hasira hizo ni za upande wa mama, za Wahaya. Kila mmoja anamsukumia mwenzake. Ninalitaja hili mapema ili nikifika pale nilipomkaripia mama mtu mzima nyumbani kwake, usije ukashangaa.

Kazi yangu ni kuchora sura za programu za simu. Zile hesabu za ndani zinazoifanya programu itembee anaziandika mwenzangu aliyeko Mwanza. Mimi ninaamua kitufe kikae wapi, maandishi yawe makubwa kiasi gani, ukibonyeza hiki kitokee nini, na ukikosea uambiwe kwa maneno gani. Ninafanyia kazi chumbani, juu ya duka la baba. Majirani wanajua tu kwamba ninashughulika na simu, kwa hiyo wananiletea zilizoingia maji, na nikisema sijui kuzitengeneza wananitazama kwa huruma, kwamba ada yote ile ya chuo imekwenda bure.

Kuna kampuni ndogo inayonunua vanila kwa wakulima wa Bukoba Vijijini na maharage kwa wakulima wa Muleba. Bosi wake alinipa kazi ya kuchora pochi ya simu: mkulima akishapimiwa mzigo wake, pesa iingie hapo hapo kwenye simu yake mwenyewe, aione, aitunze, aitume anakotaka. Msimu uliotangulia walikuwa wanalipa kwa namba ya yeyote aliyejua simu pale nyumbani, na malalamiko yalikuwa mengi. Kazi hiyo niliipokea kwa mikono miwili.

Nilichora kwa miezi mitatu. Niliupenda hasa ukurasa wa namba ya siri. Kila ulipoufungua, tarakimu zilikuwa zimebadilishana viti: leo saba iko juu kushoto, kesho iko chini katikati. Ukichungulia kidole cha mtu huambulii kitu. Niliona ni ujanja wa hali ya juu. Nikamwonyesha mama, nikamwonyesha baba, nikamwonyesha hadi fundi cherehani wa barazani. Kichwa kilinivimba kweli kweli.

Tuliipeleka kwanza Kimwani, huko Muleba, kwa wakulima wa maharage. Nilikaa nao asubuhi nzima. Kila niliyemuuliza alisema, kwa lile neno la heshima la Kihaya, ni nzuri sana, waitu, nzuri kabisa, Mungu akubariki. Wakanipa na mkungu wa ndizi wa kurudi nao mjini. Nikaandika kwenye ripoti kwamba Kimwani wameielewa yote, hakuna cha kurekebisha. Wiki mbili baadaye mwenzangu wa Mwanza akaniambia kwamba tangu niondoke, hakuna hata mmoja aliyefungua pochi yake tena. Nilibisha, tukagombana kwenye simu, kisha nikatazama mwenyewe nikaona ni kweli. Wale watu walikuwa wamepokea mgeni, na mgeni aliyetoka mbali na kitu chake mkononi haambiwi kwamba kitu chake kibaya. Nililijua hilo tangu utotoni, mama yangu si Mhaya? Lakini siku ile nilikuwa ninasifiwa, na mtu anayesifiwa hana muda wa kukumbuka mengine.

Kwa hiyo nilipokwenda Rubafu kwa wakulima wa vanila, wakati wa mvua za masika, sikumuuliza mtu kama ni nzuri. Nilisema, nifungulie nione.

Wa kwanza kunifungulia alikuwa mama mmoja mjane, umri wa mama yangu na miaka michache juu yake. Nyumbani kwake ndiko nilikofikia. Alikuwa na simu ya kugusa aliyoletewa na binti yake, kioo kimepasuka kona moja. Kusoma hakujua, shule aliiacha darasa la pili akalea wadogo zake. Msimu uliopita vanila yake ililipwa kwa namba ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, anayekaa kibanja cha jirani, shamba la migomba linalopakana na la kwake. Shemeji hakula hata senti tano. Alinunua mbuzi wawili, akawaleta mpaka uani kwa yule mama, akamwambia, shemeji, nimekuwekea mali. Kumbe mama wa watu alikuwa anataka tangi la maji, maana goti lake halikubali tena kupanda kutoka bondeni na ndoo kichwani. Alishukuru kwa mbuzi. Alinisimulia hayo huku anamenya ndizi, bila kulalamika, kisha akasema safari hii anataka hela imkute yeye kwanza.

Bosi alikuwa ameweka sharti, na sharti hilo kila mtu Rubafu alilijua. Siku ya mizani, kila mkulima atafungua pochi yake mwenyewe mbele ya karani wa ununuzi. Atakayeweza atalipwa kwake. Atakayeshindwa, au karani akiona pochi yake si salama, atalipwa kwa namba ya ndugu, kama zamani. Na ndugu wa yule mama alikuwa shemeji, hakuna mwingine karibu.

Tulijaribu kwanza alama ya kidole. Simu ikakataa. Miaka ya jembe imevisugua vidole vyake na mistari imefutika, kioo hakikuona cha kusoma. Akafuta kidole kwenye kanga, akajaribu tena, akajaribu cha mkono wa kushoto, wapi. Tukaenda kwenye namba ya siri. Mara ya kwanza nilimsaidia akaiweka, tarakimu nne. Nikamwambia funga, sasa fungua mwenyewe. Alibonyeza upesi, bila kusita, pale pale alipobonyeza mwanzo. Simu ikasema umekosea. Akarudia, pale pale. Umekosea. Mara ya tatu pochi ikajifunga yenyewe.

Hapo ndipo nilipomkaripia. Nilimwambia, mama, nimeshakueleza utazame namba, usibonyeze tu kama unapiga ngoma. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na kuku waliokuwa mlangoni wakatoka. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu mgeni hupewa atafune, akanimiminia kiganjani kama vile sijasema kitu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikatafuna. Kisha akasema, twende kibanjani, maua hayanisubiri.

Vanila yake inapanda juu ya miti ya mibono, katikati ya migomba. Ua la vanila likifunguka asubuhi, mchana limekwisha kazi, na asubuhi hiyo moja lisipochavushwa kwa mkono wa mtu halizai. Nilikuwa nimelisoma hilo kwenye karatasi za kampuni. Kuliona ni habari nyingine. Alikuwa na kijiti chembamba alichokichonga mwenyewe. Anashika ua kwa mkono wa kushoto, anainua kile kifuniko kidogo cha ndani kwa kijiti, anabana kwa dole gumba, basi, ameshahamia jingine. Mkono wake ulikwenda nyuma ya jani na kutoka na ua bila yeye kutazama, kwa sababu jana alilikuta likiwa tumba na alijua leo litakuwa wazi. Nilimwomba nijaribu. Nilijaribu matatu nikayachana yote matatu. Akasema si neno, hayo matatu yalikuwa ya kwako.

Loo, nilimwonea wivu yule mama. Mimi ninaheshimiwa mjini kwa sababu ninasogeza vitufe kwenye kioo, na ninakosea, na ninarudia mara ishirini. Yeye hana cha kurudia. Ua moja, asubuhi moja, na ganda likikua vizuri miezi tisa baadaye ni kwa sababu asubuhi ile dole gumba lake lilibana sawasawa. Nilimfuata mti kwa mti nikiwa kimya, jambo ambalo wanaonifahamu hawataliamini.

Chini ya maua kulikuwa na maganda ya msimu, bado mabichi, urefu wa kalamu. Kila ganda lilikuwa na vitobo vilivyokauka vikawa madoa ya kahawia: kimoja juu, viwili vimekaa sambamba chini yake, kimoja chini kabisa. Niliuliza kama ni ugonjwa. Akanicheka kwa sauti. Akanieleza kwamba ni alama yake. Vanila huibiwa, na ikishachumwa zote zinafanana, kwa hiyo kila mkulima wa kikundi chao ana mpango wake wa vitobo. Anautoboa kwa sindano ganda likiwa changa, ganda linakua nao. Mwizi akipeleka kwenye mizani, karani anatazama tu anajua hii ni ya nani. Ya kwake aliianza mwaka aliofiwa, na anaitoboa kwenye kila ganda kwa mkono wake, mamia kwa mamia, bila hata moja kwenda kombo.

Nilisimama katikati ya migomba mdomo wazi. Huyu mama hasomi tarakimu hata moja, lakini nukta nne na mahali pa kila moja anazikumbuka, na kidole kinazifuata bila kuulizana na kichwa. Kule ndani alikuwa amenifanyia hivyo hivyo. Alibonyeza mahali sahihi, kwa usahihi ule ule, mara tatu. Mimi ndiye niliyehamisha viti. Nilimwambia samahani, akasema ya nini, nikashindwa kumweleza, nikarudi mjini.

Miembeni niliung'oa ule ukurasa wangu wa fahari, na uliniuma, sidanganyi. Badala yake nikaweka nukta tisa, tatu tatu, kubwa, zisizohama hata siku moja. Mwenye pochi anaburuza kidole kutoka nukta hadi nukta, anachora mchoro wake, pochi inafunguka. Nikavigandisha na vitufe vingine vyote: kupokea juu, kutuma katikati, kutoa chini, leo na kesho na mwakani. Kila kitufe nikakipa picha, na sauti ya kukisoma kwa Kiswahili au Kihaya. Ya Kihaya alirekodi mama yangu. Tulibishana kwa kila sentensi. Alikataa katakata simu imwambie mtu mzima kwamba amekosea. Alisema iseme jaribu tena, waitu, la sivyo atafute mwingine wa kumpa sauti. Nikasalimu amri. Mama alikuwa sahihi, ingawa sijamwambia mpaka leo.

Bosi hakufurahi. Alinipigia simu akasema nukta ni mambo ya kitoto, tarakimu zinazohama ndizo salama. Nikamwuliza kufuli ambalo mwenye nyumba mwenyewe hawezi kulifungua linamlinda nani. Akasema sawa, lakini karani ataangalia usalama siku ya mizani, na asiporidhika, sharti liko pale pale.

Nilitakiwa kurudi Rubafu wiki mbili kabla ya mizani. Nilifika siku yenyewe ya mizani, saa mbili asubuhi, kwa ujinga wangu, maana nilitumia siku nyingi kubadilisha kijani kimoja kuwa kijani kingine. Mizani ilikuwa ifike saa nane mchana. Wakulima walikuwa wameshakusanyika kwenye baraza la kanisa, vanila zao zimefungwa kwenye mifuko, na yule mama alikuwa mbele kabisa na simu yake mkononi. Shemeji alikuwa pembeni yake. Alikuwa amembebea mfuko.

Nikawawekea programu mpya, mmoja mmoja, nikawaambia wachore. Wee, ungewaona. Watu niliowatesa kwa tarakimu walichora mara moja tu, wakafunga, wakafungua. Wengine walifungua bila kutazama kioo, wanaongea na jirani. Yule mama alifungua kwa pumzi moja, akafunga, akafungua tena kwa ajili ya raha tu. Nilishika nguzo ya baraza nisije nikaanza kucheza mbele ya kanisa la watu. Nilijiona nimemaliza kazi, na zaidi ya hayo nimeimaliza vizuri.

Shemeji akamwambia yule mama, nipe mara moja. Akaichukua simu, akaweka kidole juu ya kioo, akashuka, akapita upande, akashuka tena. Pochi ikafunguka. Sauti ya mama yangu ikamkaribisha kwa Kihaya.

Hakuwa na ubaya wowote, usoni alikuwa anatabasamu kama mtu aliyefaulu mtihani. Nilimwuliza amejuaje.

"Si ni ile ya kwenye vanila?" akasema.

Niligeuka, nikawauliza wengine wamechora nini. Wote, kila mmoja bila kubakiza, walikuwa wamechora alama za maganda yao. Ndani ya dakika mbili kila mtu alikuwa anafungua simu ya mwenzake, wanacheka, wanabadilishana, mzee mmoja akafungua nne mfululizo akashangiliwa. Pochi zote za Rubafu zilikuwa wazi, na aliyeziacha wazi ni mimi. Nilikuwa nimetazama alama zile kibanjani nikaona nukta na kumbukumbu. Sikufikiria kamwe kwamba kazi ya alama ile ni kuonwa na watu.

Hasira zikapanda, na kwa kuwa sikuwa na wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe, nikawakasirikia wao. Niliuliza kwa ukali kwa nini wametumia alama ambayo kijiji kizima kinaijua. Kicheko kikakatika. Yule mama ndiye aliyenijibu, taratibu kabisa.

"Hiyo ndiyo inayowaambia watu kwamba mali ni yangu," alisema. "Ningetumia nyingine ya nini?"

Nilikaa kwenye ngazi ya kanisa nikanywea. Karani akifika, ataona mara moja kwamba shemeji anafungua pochi ile, ataandika si salama, na hela ya vanila ya mwaka mzima itakwenda kwa namba ya shemeji. Yule mama aliliona hilo kama nilivyoliona mimi. Alikuja akakaa karibu yangu, mfuko wa vanila mapajani, akasubiri nimweleze.

Nilijitahidi kuongea bila ukali. Nilimwambia kwamba alama ya vanila inamlinda kwa sababu kila mtu anaijua. Hii ya simu itamlinda kama hakuna anayeijua. Aliuliza hata binti yake aliyemletea simu? Nikasema hata binti yako. Hata karani? Hata karani, mama, usimwambie mtu. Nilijua nimemwomba kitu kizito. Rubafu milango ya nyumba haifungwi mchana, shemeji anaingia jikoni kwako kama kwake, na mtu akimficha ndugu kitu hadharani, watu watauliza huyo ndugu ameiba nini. Mjini tunaita siri usalama. Pale, mbele ya kikundi kizima, ingeweza kuonekana ni tusi.

Aliinuka. Alimwendea shemeji yake aliyekuwa bado ameshika simu, akapiga goti kidogo kama wanawake wa kwetu wanavyofanya wakimsalimia mtu wa heshima, ingawa goti lile ni lile lile bovu. Akasema kwa Kihaya, na Kihaya changu cha kuokoteza kiliyapata maneno yote, kwa sababu aliyasema polepole ili kila mtu asikie.

"Shemeji, vanila yangu umeilinda pamoja nami, na ninakushukuru. Hii nitailinda mwenyewe."

Kila mtu alikuwa anamtazama shemeji. Alikuwa mtu mzima, mwenye mji wake, amezoea kuulizwa kabla jambo halijafanyika. Kisha akampa simu kwa mikono miwili. Mpaka leo ninamheshimu yule bwana kwa mikono ile miwili, maana angeweza kuirudisha kwa mmoja na ingekuwa vita ya miaka.

Yule mama akachukua simu akaondoka barazani, akazunguka nyuma ya kanisa, akapotea kwenye migomba. Wengine nao wakaanza kutawanyika, huyu nyuma ya mti, yule kwenye kona ya ukuta, kila mmoja ameipa dunia mgongo. Wawili watatu, ninajua, walichora alama za majirani zao wakaona wametatua jambo; nikawafuata nikawarudisha shuleni. Yule mama hakurudi. Saa sita ikapita. Nilipata wasiwasi kwamba akichora kitu kigeni atakisahau, kwamba nimemnyang'anya mchoro ambao mkono wake ulikuwa unaujua kwa miaka nikamwachia saa mbili za kujifunza mwingine. Mara moja nilichungulia. Alikuwa amekaa juu ya gogo, simu kaiweka pembeni, anachora kwa kidole kwenye kiganja chake cha kushoto, anafunga macho, anachora tena. Nikarudi kimya kimya kabla hajaniona.

Karani alifika na mizani saa nane na robo, mtu mwembamba mwenye miwani, asiyependa maneno mengi. Alimwita yule mama wa kwanza. Akamwaga vanila, akatazama vitobo, akatikisa kichwa kukubali, akapima. Kisha akasema, haya, fungua.

Yule mama alijitanda kanga kichwani mpaka ikafunika simu na mikono yote miwili. Hatukuona kitu ila kanga ikitikisika kidogo. Ndani ya kanga sauti ya mama yangu ikakaribisha.

Karani hakutosheka. Alikuwa ameshasikia mambo ya asubuhi, kijijini habari haikai. Alimwita shemeji, akamwambia ajaribu. Shemeji akafuta kidole kwenye suruali. Akachora alama ya vanila. Jaribu tena, waitu. Akaichora kutoka chini kwenda juu. Jaribu tena, waitu. Akafikiri, akatazama angani, akatazama simu, kisha akairudisha kabla ya jaribio la tatu ili isijifunge, akasema hapana, hii siijui. Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. Karani akaandika neno moja kwenye karatasi yake, nikalisoma nikiwa nyuma ya bega lake: salama.

Simu ikatetemeka mkononi mwa yule mama. Aliiweka sikioni, maana kiasi cha pesa nilikifanya kisomwe sikioni tu, akasikiliza mpaka mwisho. Akasikiliza tena. Hakumwambia mtu ni kiasi gani, na hakuna aliyemuuliza. Alisimama tu pale, simu sikioni, uso umemkunjuka, na mimi machozi yalikuwa yananitoka mbele ya mizani, nikasingizia jua.

Kulikuwa na fomu ya majaribio niliyoiandaa mwenyewe mjini, swali kwa swali. Nilimsogelea nikamwuliza alivyoona vitufe, sauti, rangi. Alisema sauti ni nzuri, rangi hakuitazama. Swali la mwisho lilikuwa mchoro aliochagua ni upi. Nilitayarisha kalamu, na kusema kweli nilikuwa na hamu pia ya kujua, baada ya yale masaa mawili juu ya gogo.

"Ulisema nisimwambie mtu," akaniambia.

Nikamwambia ni kwa ajili ya ripoti tu, na zaidi ya hayo mimi ndiye niliyeitengeneza hiyo pochi.

Alinitazama vizuri, bila haraka, kama nilivyomwona akitazama ua kabla ya kulibana.

"Kwani wewe si mtu, mwanangu?"

Karani alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilibaki na kalamu hewani. Kisha nikalikata lile swali la mwisho kwenye fomu yake, na kwenye fomu za wote waliokuwa wamepanga foleni nyuma yake.